Wanawake Sita wa Acropolis

Juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens, Ugiriki, lipo hekalu liitwalo Erechtheion, ambalo paa la ukumbi wake mmoja huchukuliwa vichwani na wanawake sita wa mawe. Wale awaonao mgeni hapo leo ni nakala. Wa asili, waliochongwa kwa marumaru mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, waliteremshwa mwaka 1979 ili kuwaokoa na hewa chafu ya mji, na sasa wamo katika Jumba la Makumbusho la Acropolis.

Humo mtu aweza kuwazunguka hata mgongoni. Wamevaa peplosi, vazi la kitambaa kipana kisichoshonwa, lililobanwa mabegani kwa pini na kufungwa mshipi kiunoni. Kwenye mguu wenye kubeba uzito, mikunjo yake hushuka wima kama mifereji ya nguzo. Nyuma, misuko minene ya nywele huizidishia shingo unene. Huo si urembo mtupu, maana shingo nyembamba isingeuhimili mzigo ule.

Waliomo ni watano. Wa sita alichukuliwa na watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, naye yuko London. Mahali pake pameachwa wazi.