Soji ya Mjomba

Punda wengi wa Kaptagat nilipokuwa mdogo walikuwa na madoa meupe mgongoni. Manyoya meupe huota pale kidonda kilipopona, kwa hiyo mgongo wa punda ni daftari la safari zake zote. Wa kwetu walikuwa na madoa juu ya bega, juu ya uti wa mgongo na chini ya mkia, mahali pale pale palipokaa mzigo na kamba zake.

Miaka ile mzigo ulifungwa bila matandiko ya maana. Gunia la katani lilikunjwa mara mbili, mitungi ya maziwa ikaning'inizwa huku na huku, kamba ikazungushwa tumboni, na kabla jua halijachomoza punda yuko njiani kwenda kulipokea lori la maziwa. Katani angalau ilipitisha hewa. Ilipoadimika, tukabaki na magunia ya nailoni ya mbolea, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nailoni hutunza joto na huteleza. Kamba yake ikilowa humkata punda nyuma ya miguu ya mbele. Na huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, msimu wa mvua kila kitu hulowa. Asili ya punda ni nchi kame, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi.

Aliyetubadilishia mambo ni mjomba. Yeye alikuwa akiteremka Soi, kwenye bonde la Kerio, kuleta maembe na asali huku kwetu Mosop, nyanda za juu. Kwenye mteremko ule mkali punda akipanda, mzigo humvuta nyuma; akishuka, humsukuma shingoni, na gunia lililokunjwa halina msaada wowote. Akaamua kushona soji, yaani matandiko ya punda ya kubebea mzigo. Lamu, ambako punda ndiye gari, soji ni kitu cha tangu zamani, na tangu 1987 mji huo una kliniki ya punda iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Sisi tulikuwa na punda, ila hatukuwa na ushonaji huo.

Alianza na waya laini. Aliukunja juu ya mgongo wa punda, nyuma kidogo ya bega, akauinua taratibu na kuchora umbo lake kwenye katoni. Kila punda alikuwa na katoni yake, kwa kuwa soji ya mama haimkai mwana. Kisha akashona mito miwili minene ya nyasi kavu, mmoja kila upande, katikati akaacha mfereji wa kupitisha vidole ili uzito ukae kwenye mbavu, usiguse uti wa mgongo. Mkanda wa tumbo ulikuwa wa turubai, mpana kama kiganja. Mwingine ulipita chini ya mkia, umefungwa kitambaa laini, kuzuia soji isiteleze mbele mteremkoni. Sponji ya godoro, ambayo majirani waliisifu, aliikataa katakata: hunywa mvua na kukaa mgongoni baridi mchana kutwa. Mpaka leo mtu akiniuliza achague soji ipi, humwambia achague itakayokauka kabla ya kesho asubuhi.

Kumvisha punda kijana kulichukua muda, na hapo ndipo nilipojifunza mengi. Jike letu lilipotimiza miaka minne, mjomba aliiweka soji chini, mbele yake.

"Mpwa wangu, mwache ainuse. Usimshike."

Siku nyingine ikawa blanketi tu, akitembea ubavuni mwa mama yake. Halafu soji tupu. Halafu mifuko ya maganda ya mahindi, myepesi lakini mipana, ajue kwamba sasa hapiti tena kwenye mwanya wa ua aliouzoea. Maji yalikuja mwisho, kwa sababu mtungi usiojaa hutoa mlio na kugonga mbavu. Aliposimama kabisa na kukataa kusonga, mjomba alisimama naye. Punda akiogopa huganda, na watu humwita mkaidi kisha wakamchapa.

Baadaye punda wenyewe wakaanza kupungua. Machinjio ya punda yalifunguliwa nchini Kenya kuanzia 2016, ngozi zikisafirishwa China kutengenezwa dawa ya ejiao, na wizi wa usiku ukaenea. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi; ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kukomesha biashara ya ngozi. Bodaboda nazo zikachukua maziwa, isipokuwa kule matope yanakozishinda.

Punda aliyebaki amekuwa ghali, na hilo limewafanya vijana wasikilize. Wanakuja na umbo la waya mkononi kuomba washonewe. Ninachowasihi sasa ni kuhusu uzito. Punda wetu wengi wana kilo 150 hivi, na mzigo haufai kuzidi theluthi ya hizo. Mitungi miwili ya lita 20 inatosha. Bado naona minne juu ya soji nzuri kabisa, na kila ninapoiona husimama nikamwomba mwenye punda ateremshe miwili.