Kiingilio cha Kuwatazama Wagonjwa

Ndugu msomaji, ukipata kuiona sinema iitwayo Bedlam, ya Marekani ya mwaka 1946, usikae kungoja kutishwa tu. Hadithi yake ni ya London, mwaka 1761, katika nyumba ya wendawazimu. Bedlam ni matamshi ya watu ya Bethlem, hospitali ya kweli, na kweli watu wa mji walikuwa wakiingia humo kuwatazama wagonjwa kama wanyama, hata ruhusa hiyo ilipobanwa mwaka 1770. Basi nasi tuliokata tiketi tumeingia kutazama nini?

Mkuu wa nyumba ile, Sims, anayechezwa na Boris Karloff, anampeleka kijana mgonjwa karamuni, kapakwa rangi ya dhahabu mwili mzima. Wakubwa wanamcheka anavyobabaika, mpaka anakufa. (Sinema yadai ngozi ilikosa pumzi, waganga wa leo hawalikubali hilo, lakini Sims hapungukiwi dhambi.)

Nell Bowen, aliyetaka wagonjwa watendewe wema, anafungiwa humo humo na akili zake timamu. Kwanza anawaogopa, kama mimi na wewe. Sims anamtia katika kizimba cha mgonjwa mkali. Nell anasema naye kwa upole, naye anatulia.