Barua kutoka Hampshire: Upinde Huchaguliwa kwa Mkono

Shemeji mpendwa,



Ulipocheka kwenye simu kwamba mtu mzima na akili zake anahangaika kuchagua upinde, kisha ukanitupia methali kuwa mchagua jembe si mkulima, mtandao ulikuwa unakatika na sikupata nafasi ya kukujibu. Leo ni Jumapili, mvua inanyesha, nina muda. Tena wewe ni seremala, kwa hiyo habari za mbao utazielewa kuliko mimi ninayezisimulia.

Klabu yetu ya kulenga shabaha inatumia longbow, ule upinde mrefu wa kizamani wa Waingereza, usio na gurudumu wala darubini wala kitu chochote cha chuma. Hauna hata kijukwaa cha kuwekea mshale. Mshale unalala juu ya ngumi yako. Anayeanza huazimwa upinde wa klabu. Akishazoea, huambiwa aende kwa fundi akachongewe wake. Hapo ndipo maneno yanapoanza, maana kila mwanachama ana fundi wake na mti wake, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake amepotea.

Ungekuwa huku, kabla ya kukupeleka kwa fundi ningekupeleka Portsmouth, kwenye makumbusho ya Mary Rose. Hiyo ilikuwa meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII. Ilizama karibu na pwani hiyo Julai 1545, ikalala kwenye tope hadi ilipoibuliwa Oktoba 1982. Tope lilihifadhi vitu ambavyo nchi kavu vingeoza zamani: pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Nimezitazama kupitia kioo. Nyingi zinakaribia mita mbili, nene katikati na kuchongoka polepole kuelekea ncha mbili, bila pambo lolote. Wataalamu wanakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 hadi 185. Tena baadhi ya mifupa iliyopatikana melini ina kasoro begani ambayo wataalamu wameihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujanani.

Pinde zote hizo ni za mti mmoja uitwao yuu, Taxus baccata. Huku unaonekana sana kwenye viwanja vya makanisa ya kale, na majani yake ni sumu kwa farasi na ng'ombe. Ukipasua gogo lake utaona rangi mbili: kiini chenye wekundu wa machungwa, na nje yake tabaka jembamba jeupe. Kiini kinastahimili kubanwa; tabaka jeupe linastahimili kuvutwa. Basi fundi anachonga ili weupe ukae upande unaotazama shabaha, na kiini kikae tumboni, upande unaomtazama mvutaji. Kazi ambayo wewe ungeifanya kwa gundi na mbao mbili, mti huu umejifanyia wenyewe. Waingereza waliutaka kiasi kwamba sheria ya mwaka 1472 iliwalazimisha wafanyabiashara kuleta mbao nne za pinde kwa kila tani ya shehena waliyoingiza nchini.

Baada ya kuona hayo, mtu yeyote atatamani yuu. Mimi pia nilitamani, mpaka nilipoingia karakana ya mzee mmoja huku kwetu. Sikuuliza bei kwanza, naye hakunitajia. Alinipa upinde dhaifu kabisa na mshale uliochorwa alama za inchi, akaniambia nivute mpaka mkono wangu ufike ulipozoea kufika. Akasoma: inchi 27. Kisha akauliza navuta mara ngapi kwa wiki, bega langu lina historia gani, na nataka kulenga umbali gani. Mti hakuugusia hata kidogo.

Alikuwa na kazi mkononi, akaniruhusu kutazama. Upinde uliokuwa haujakamilika ulilazwa kwenye nguzo iliyosimikwa ukutani, na upote wake ukafungwa kamba iliyopita kwenye kapi sakafuni. Mzee alirudi nyuma hatua kadhaa, akawa anaivuta kamba ile taratibu huku macho yake yakifuata mkunjo. Mkono wa kushoto wa upinde ulipinda vizuri. Wa kulia ulikuwa na sehemu ya kiasi cha kiganja iliyogoma kupinda. Aliishusha kamba, akaweka alama ya penseli pale pagumu, akapakwangua mara tatu nne kwa bapa la chuma hadi maranda membamba yakadondoka, akarudi tena kwenye kamba. Hakuondoa zaidi ya hapo. Ukizidisha, mbao hairudi, na sehemu uliyoidhoofisha ndiyo itakayobeba mzigo wote hadi ivunjike. Kazi hiyo ndiyo unayolipia. Mti ni sehemu ndogo ya bei.

Basi nikabaki na njia tatu. Ya kwanza ni yuu wa kipande kimoja. Ni mwepesi mkononi na unavutika kwa ulaini, lakini mbao yake hukaushwa miaka kadhaa kabla ya kuchongwa, ina mafundo ya kuzungukwa kwa uangalifu, na bei niliyotajiwa ilizidi maradufu ya pinde nyingine. Pia haupendi baridi ya barafu wala joto kali.

Ya pili ni upinde wa mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka: mbele hikori au mwanzi, ambazo nyuzi zake hazikatiki ovyo, na tumboni mbao ngumu ya nchi za joto. Unanyooka, tabia yake inatabirika, na vyama vya huku vinaukubali mradi uwe wa mbao tupu, ncha zake ziwe za pembe, na unene wake usipungue sehemu tano kwa nane za upana. Kwa mshale unaozidi inchi 27, urefu wa upinde nao usipungue futi 5 na inchi 6.

Ya tatu ni longbow ya Kimarekani, yenye mikono bapa na utepe wa nyuzi za kioo mbele na nyuma, kwa mtindo ulioenezwa na watu kama Howard Hill, yule aliyefyatua mishale kwenye filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938. Upinde huu una kasi, hauogopi mvua, na ni mgumu kuharibika. Ila katika mashindano ya longbow ya Kiingereza haukubaliwi.

Sasa nije kwenye uzito wa kuvuta, ambao ndio unaowaponza wengi. Klabuni kuna vijana wenye misuli walioagiza ratili 60 wakiwa bado wanajifunza. Wakivuta, mkono unatetemeka na mshale unatoka kabla hawajalenga. Akina mama wenye ratili 30 wanawashinda kila Jumamosi.

Wewe uko Voi, unazijua habari za Waata, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu. Pinde zao za kuwindia tembo zilipita ratili 100, sawa na zile za Mary Rose, na mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwenye mti. Walizivuta kwa sababu walikuwa na tembo mbele yao na walianza utotoni. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwasaka na kuwafunga kwa ujangili Tsavo, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Huku nako sheria ya mwaka 1981 inakataza kuua mnyama wa porini kwa upinde. Kwa hiyo mbele yangu sina mnyama. Nina duara la karatasi lililobandikwa kwenye majani makavu, na duara halihitaji ratili 100.

Kuhusu methali yako: ni kweli kwa mkulima mvivu anayesingizia jembe. Lakini hata mkulima hodari hampi mtoto wa miaka kumi jembe la baba yake.

Nimeagiza upinde wa tabaka, hikori mbele, urefu wa futi 6, ratili 40 kwa inchi 27, yaani kama kilo 18. Yuu nimemwachia aliyezoea kazi hii na mwenye pesa ya kupoteza. Nikishaupata, upote nitauvua kila nimalizapo, sitauachia bila mshale, na sitamruhusu mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu auvute, maana hizo ndizo njia tatu za haraka za kuvunja upinde mzuri.

Nawe ukitaka kujichongea wako huko, hikori inapenda hewa kavu kama ya Voi; kwa unyevu wa Mombasa ingelegea. Na kama kuna rafiki yako anayetaka kuagiza, mwambie apange hivi: kwanza urefu wa mvuto wake, pili uzito anaoweza kuushikilia bila kutetemeka, tatu umbo linaloruhusiwa anakoshindania, na mti uje mwisho. Fundi anayemtajia bei kabla ya kumpima mikono, asimpe pesa zake.

Shemeji yako.