Dimbwi la Maji Meupe

Kabla sijaenda Marekani kusoma shahada ya pili, nilikuwa mtoa usingizi katika hospitali moja ya wilaya kusini mwa Tanzania. Tegemeo letu lilikuwa ketamini. Mgonjwa aliyepewa dawa hiyo kwa kawaida huendelea kuvuta pumzi mwenyewe na presha yake haishuki ovyo. Mahali ambapo umeme unakatikakatika na mtungi wa oksijeni ni mmoja, hilo si jambo dogo. Nilimpa mama wa kujifungua kwa upasuaji, kijana aliyeanguka mwembeni akavunjika paja, mzee mwenye jipu. Walilala macho wazi, wakaamka wakizungumza na watu wasiokuwapo, na baadaye hawakukumbuka kisu wala mkasi. Kusahau huko tulikuhesabu kuwa ni huruma ya dawa. Swali la kwamba dawa inaweza kugusa kumbukumbu nyingine nilikutana nalo maabara.

Maabara niliyopangiwa, katikati ya miaka ya 2000, ilishughulika na panya wazee. Chombo chetu kikuu kilikuwa dimbwi ambalo Richard Morris alilieleza mwaka 1981, akiwa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Ni beseni la duara. Letu lilikuwa na upana wa karibu mita 2. Maji tuliyakoroga na maziwa ya unga hadi yakawa meupe, na sentimita chache chini ya uso wa maji tukaficha kijukwaa. Panya akitiwa humo hutafuta pa kutokea mpaka anakikanyaga kwa bahati. Ukimrudia kila siku anajifunza: anatazama alama zilizobandikwa ukutani, kisha anakwenda moja kwa moja. Siku ya mtihani unakiondoa kijukwaa. Panya anayekumbuka huzunguka palepale kilipokuwa, anatoka, anarudi tena, kama mtu aliyerudi kijijini akakuta nyumba yao imebomolewa.

Kazi yangu ilikuwa kuwalaza. Nilimweka panya kwenye kisanduku cha plastiki angavu, nikafungulia gesi ya usingizi ya isoflureni. Alinusa pembe zote, miguu ya nyuma ikalegea, akaegemea ubavu. Hapo nilimtoa, pua nikaiingiza kwenye barakoa ndogo, mwili juu ya mkeka wa joto, kipimo cha oksijeni mguuni. Uangalifu huo ulikuwa wa lazima, kwa mnyama mwenyewe na kwa utafiti. Panya akipoa au akikosa hewa ubongo wake utaumia, nawe utailaumu dawa bure. Gesi ikifungwa, kitu cha kwanza kurudi ni masharubu: yanacheza kidogo, yanatulia, yanacheza tena. Kisha anajigeuza kutoka chali, anasimama, anajilamba. Haukupita muda mrefu alikuwa anatafuna chakula chake. Ungeapa kwamba amerudi mzima.

Tulikuwa tunafuata njia iliyofunguliwa Boston na Deborah Culley na Gregory Crosby. Mwaka 2003 na 2004 walichapisha matokeo ya panya wazee waliolazwa kwa saa 2 tu kwa isoflureni na naitrasi oksaidi, ambao wiki kadhaa baadaye bado walifanya vibaya katika mtihani wa kukumbuka njia. Kwetu niliona jambo la jamii hiyo kwa macho yangu. Panya wazee waliovutishwa oksijeni peke yake walijifunza dimbwi polepole, lakini walijifunza. Waliolazwa waling'ang'ania ukuta, wakizunguka pembeni siku baada ya siku, wakati wenzao wameshaanza kukata katikati. Waliogelea kwa kasi ileile na miguu haikuwa na tatizo. Niliwakausha kwa taulo mmoja mmoja, na sikuweza kuwaita wavivu.

Profesa wangu alinisomesha historia. Mwaka 1964 Donald Overton alionyesha kwamba panya aliyefundishwa njia akiwa amepewa pentobarbito husahau somo hilo dawa ikimtoka, na akipewa tena analikumbuka. Kumbe somo linaweza kuwapo ubongoni na mwenyewe asilifikie. Halafu mwaka 1986 Morris na wenzake waliziba vipokezi vya NMDA kwenye ubongo wa panya, na panya hao wakashindwa kujifunza dimbwi. Nilishtuka nilipousoma utafiti huo, kwa sababu ketamini yangu ya wilayani inaziba vipokezi hivyohivyo.

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi lilikuwa la vichanga. Mwaka 2003 Vesna Jevtovic-Todorovic na wenzake waliwapa panya wa siku 7 midazolamu, naitrasi oksaidi na isoflureni kwa saa 6. Seli nyingi za ubongo zilikufa, na panya hao walipokua walijifunza kwa shida. Ndipo hofu ikahamia kwa watoto wetu. Lakini panya wa siku 7 si mtoto mchanga, na saa 6 kwake ni muda mrefu mno. Utafiti uitwao GAS uliwahusisha watoto 722 waliopasuliwa ngiri wakiwa wachanga. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba usingizi usiofika saa moja haukuwapunguzia akili walipofika miaka 5. Tahadhari iliyotolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2016 inawahusu watoto chini ya miaka 3 wanaolazwa zaidi ya saa 3, au mara kwa mara.

Niliporudi nyumbani, binti mmoja alinifuata koridoni baada ya babake kupasuliwa nyonga. "Dada, baba ameamka, lakini siye yule. Ananiita kwa jina la shangazi." Nilimkalisha. Nikamweleza kwamba kwa wazee hali hii hutokea, kwamba maumivu, maambukizi, upungufu wa maji na upasuaji wenyewe vinaweza kuchangia pamoja na dawa, na kwamba wengi hurejea wakiwa na ndugu karibu, miwani yao machoni na usingizi wa kawaida wa usiku. Tukakagua kila kimoja.

Wenzangu mnaotoa usingizi, waambieni ndugu habari hizi kabla mzee hajaingia chumba cha upasuaji, na msimwandike kuwa amepona kwa sababu tu amekula uji. Nanyi wazazi, mtoto akihitaji upasuaji wa haraka, msimnyime kwa kuogopa habari za panya. Muulizeni mtoa usingizi upasuaji utachukua muda gani, na kama kuna linaloweza kusubiri.