Kilicho Juu ya Keki: Somo la Usalama kwa Shule ya Msingi

Wako walimu wenzetu wanaodhani kwamba keki ni jambo la anasa, lisilostahili kupewa kipindi katika shule zetu. Hatukubaliani nao. Siku hizi mahafali ya Darasa la Saba, kipaimara na sikukuu za kuzaliwa, mijini na hata katika vijiji vingi, huambatana na kukata keki na watu kulishana, na watoto ndio wanaosogea karibu zaidi na meza. Mwalimu hana budi kulifundisha jambo ambalo wanafunzi wake wanalitia kinywani.

Mapambo ya keki ni ya namna mbili. Yako yanayoliwa, mathalani aisingi na maua ya sukari. Na yako yasiyoliwa, kama vile sanamu ya plastiki ya mhitimu aliyevaa joho, ushanga, utepe, waya, jaribosi na maua mabichi ya bustanini. Taabu huanzia pale ambapo macho hayawezi kupambanua. Ushanga mweupe na kidonge cha sukari, vikikaa pamoja juu ya aisingi, hufanana kama mapacha, na mtoto hana sababu ya kushuku chochote kilichowekwa juu ya chakula.

Kinachotutia hofu zaidi ni ule unga wa kumetameta, wenye rangi ya dhahabu au fedha. Baadhi ya vichupa vyake huandikwa kwa Kiingereza kwamba unga huo hauna sumu, na mnunuzi akisoma hivyo huona ameruhusiwa kuula. Sivyo. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto 6 wenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 11 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya sikukuu ya kuzaliwa. Ikabainika kuwa unga ulioipamba ulikuwa na shaba kwa wingi. Mwaka 2019, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka 1 alikutwa na risasi katika damu, na unga mmoja wa mapambo ya keki yake ulipopimwa, robo yake ilikuwa risasi. Ieleweke kwamba hapa twasema juu ya madini yale yanayodhuru ubongo wa mtoto, ambayo hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Unga wa kuliwa huorodhesha viambato vyake kama chakula kingine: sukari, wanga wa mahindi, rangi za chakula. Kichupa kisicho na orodha hiyo kisikaribie keki.

Je, haya yafundishwe vipi? Katika mazoezi ya kufundisha tulimwona mwanachuo mmoja, darasa la tano, akiandika ubaoni kwamba kisicho na sumu si lazima kiwe chakula. Watoto wakanakili kimya. Ndipo akainua kipande cha chaki, akawasomea maandishi ya kasha lake yasemayo kuwa haina sumu, akauliza nani ataila. Darasa likacheka. Lakini mtoto mmoja akasimama, akasema shangazi yake alipokuwa mjamzito alikuwa akitafuna udongo, na hakufa. Mwanachuo hakumkaripia. Alijibu kwamba udongo nao waweza kuwa na risasi, na kwamba risasi haiui siku hiyo hiyo ili watu waione. Kwa maoni yetu jibu hilo lilizidi somo zima alilokuwa ameliandaa.

Tendo la pili ni la mikono. Keki halisi ni ghali, kwa hiyo wanafunzi wafinyange keki ya udongo, waipambe, na kila kundi liandike hesabu ya kila pambo lililowekwa. Kundi jingine liyaondoe mapambo hayo kabla ya kisu kugusa keki, kisha hesabu mbili zilinganishwe. Mkiona vijiti vya meno, mtagundua haraka kwa nini hatuvitaki kabisa: huzama ndani na kusahaulika. Waya na mashina ya maua yasidungwe moja kwa moja, bali yaingizwe ndani ya mrija safi uliozibwa upande wa chini, ili yatoke pamoja nao. Ua la asumini halina ubaya, lakini lililopuliziwa dawa ya wadudu halifai hata kulazwa juu.

Kwa wadogo zao wa chini ya miaka 3 iko hatari nyingine, ya kupaliwa. Tangu mwaka 1980 Marekani hupima vitu vya kuchezea vya watoto hao kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7; kinachoenea ndani hakiruhusiwi. Darasani bomba la karatasi la ukubwa huo latosha. Sanamu ya mhitimu huenda ikashinda kipimo, ila kofia yake iking'oka itapita.

Siku ya mahafali basi, kabla ya mgeni rasmi kushika kisu, mwanafunzi mmoja awe na karatasi ya hesabu na sahani tupu pembeni. Mwokaji naye aulizwe mapema ametumia nini, na alete kichupa chenyewe kisomwe.