Kurudia kisolo

Mu miji ya shaba michezo ya bazee ilifika pamoja na bazee wenyewe. Tangu Elisabethville ilipoanzishwa mu mwaka wa 1910, kazi iliita watu toka Kasai, toka Luapula, toka kwa Baluba wa Katanga. Kila mmoja alikuja na luga yake, na wengi walikuja pia na kisolo.

Kwa vijana wasiokijua, tuseme kidogo. Kisolo ni ubao wenye safu 4 za mashimo. Ule wa baba yetu ulikuwa na mashimo 7 kwa kila safu. Kila mchezaji analinda safu 2. Unachota mbegu zote za shimo moja, unazipanda moja-moja katika mashimo yanayofuata, na pale inapoanguka ya mwisho njo panaamua kama unakula mbegu za mwenzako ama unamwachia zamu. Hakuna bahati mule, kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Jina lenyewe lina ndugu mbali: Zambia wanasema chisolo, Rwanda igisoro, Wasukuma wa Tanzania isolo. Omweso wa Uganda na bao la pwani ni wa jamaa ileile.

Sisi tulikomaa Likasi. Siku ya Mungu, kisha misa, baba alitoa ubao chini ya mwembe wa lupango, na jirani yetu wa Kasai alikuja na kiti chake. Mmoja alisema Kiluba cha Katanga, mwengine Tshiluba. Kugombana juu ya mbegu, waligombana kwa Kiswahili. Sisi batoto tulikaa pembeni kuhesabu.

Mu mwaka wa 1992 ikaja ile fujo ambayo kila mtu wa hapa anaijua. Watu wa Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka wa 1993 Kolwezi. Wengi walilala siku nyingi ku gare kungojea treni. Jirani yetu aliondoka na jamaa yake, kiti chake kikabaki kwetu. Baba hakukataza mtu kucheza. Aliweka tu ubao juu ya kabati, na hakuna mtu aliyeushusha.

Mwaka uleule wa 1993, kule Marekani, ulitoka mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana unaoitwa Magic: The Gathering. Wanaourudia kisha miaka mingi wanakuta karata zao za zamani hazikubaliwi tena katika mashindano mengi. Lazima wanunue mpya. Kwetu haikuwa vile. Tulipohamia Lubumbashi na kuushusha ubao, miaka ilikuwa imepita mingi, lakini mashimo yalikuwa yaleyale, na vijiwe tuliokota mu lupango. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa ngambo ya pili.

Tulicheza kwanza sisi kwa sisi, ndugu wa nyumba moja. Ilikuwa baridi, juu ya sote tulifundishwa na mtu mmoja. Kisha tukaalika mzee mmoja wa Kasai, mkaaji wa komini Kenya. Alitazama ubao, akauliza, «Bana, kwenu munakulaka namna gani?» Tukamwonyesha. Akacheka: «Shee kwetu hatukulake vile. Mbele ya kuanza tupatane kwanza.» Tulipatana: mchezo wa kwanza kwa sheria yake, wa pili kwa sheria yetu. Alitushinda yote miwili.

Tangu siku ile tunaona vile kisolo kilikuwa kinafanya mu miji hii. Hakikufuta kabila la mtu. Kilidai wawili wenye sheria tofauti wapatane wazi, mbele ya mashahidi, kabla ya mbegu ya kwanza. Desturi hiyo haihifadhiwi kwa kuweka ubao mu kioo cha makumbusho, hata kama makumbusho ni kitu kizuri.

Kwa hiyo tunaomba vyama vyetu vya utamaduni jambo moja. Mnapofundisha batoto kisolo, musiwafundishe kila kabila pembeni yake. Muwakalishe uso kwa uso na mtoto wa jirani, na muwaachie wenyewe kazi ya kupatana sheria.