Doti Moja

Kazi niliianza kwa kukunga leso. Nyanya alizileta kutoka Biashara Street, Mombasa, doti nzimanzima, nami nikizikata na kuzipiga cherehani. Yeye ndiye aliyenifundisha sehemu tatu za leso: pindo linalozunguka, mji ulioko katikati, na jina, yale maandishi ya chini. Jirani aliyemuudhi hakujibiwa kwa mdomo. Nyanya alijifunga leso, akapita mlangoni pake taratibu.

Alasiri shoga zake walipokuja kunywa kahawa, sanduku lilifunguliwa. Kila leso ilikuwa na habari yake: hii ya harusi ya fulani, ile ya matanga ya fulani. Kwao, shoga ni msiri wako. Shuleni ndiko nilikosikia neno lilo hilo likirushwa kama jiwe, na aliyelengwa nilikuwa mimi.

Mwaka 2017, jijini Nairobi, niliziona kanga za Kawira Mwirichia, kazi aliyoiita To Revolutionary Type Love. Alidhamiria kila nchi iwe na kanga yake, ya kuwaenzi watu kama sisi. Mazoea hayaachi: nilitazama pindo kwanza. Kisha nikawaza, kumbe hata sisi tuna sanduku.

Nikaanza kuuliza. Wenzangu waliofukuzwa kwao hawakuondoka na picha, ila hawakusahau: mkwaju wa uani, taa ya chemni, kiti cha baba. Nikavichora katika mji wa leso. Ya kwanza niliipa jina SHOGA YANGU SIRI YANGU. Nilipoipeleka kuchapishwa, mikono ilinitetemeka. Karani aliisoma, akasema, "Hii akina mama wataigombania." Wakaigombania kweli, wakatunzana wao kwa wao. Sisi nasi tukainunua kwa maana yetu. Hakuna aliyeisoma vibaya.

Mwaka 2019, Mahakama Kuu ilipokataa kufuta vifungu vya enzi ya ukoloni vinavyoharamisha mapenzi yetu, rafiki yangu aliyenipa ule mkwaju alifariki. Mazishini tuliketishwa nyuma kabisa, kama wapita njia. Shangazi yake akawa anatafuta leso ya kufunikia jeneza. Nilikuwa na doti mfukoni mwa mkoba. Nikaikata, nikampa kipande kimoja. Alilisoma jina, akanitazama kitambo, akamfunika mwanawe.

Kipande cha pili ninacho. Sijakikunga.